Maswali ya Wasomaji: Maelezo ya Akaunti za Wateja na Namna ya Kuyachuja

Barua kadhaa zilizotufikia safari hii zimetoka katika ofisi za Mombasa zinazotoza wateja kila mwezi, na zote zinagusa jambo moja: yale maelezo mafupi ambayo karani huyaandika katika akaunti ya mteja ndani ya programu ya ankara. Ni jambo linalodharauliwa mpaka siku linapomdhuru mtu, kwa hiyo nimelitengea nafasi yote ya ukurasa huu.

*

SWALI: Ndugu mshauri, asalaam alaikum. Mimi ni msimamizi wa ofisi ya ankara katika kampuni ndogo inayosambaza intaneti majumbani, Tudor na Kisauni. Makarani wetu huandika maelezo katika akaunti kila wanapopokea simu au mteja anapofika dirishani, lakini kila mmoja huandika apendavyo. Mwezi uliopita nilitaka orodha ya walioahidi kulipa ili mafundi wasiwakatie huduma kabla ya siku zao. Nilitafuta neno "lipa", nikaletewa karibu wateja wote. Tulipojaribu kusoma akaunti moja baada ya nyingine muda ulituishia, na mama mmoja aliyepewa muda hadi tarehe 28 alikatiwa tarehe 26, kwa sababu ahadi yake ilikuwa imefunikwa na maelezo mengine yaliyoandikwa baadaye. Je, niwalazimishe makarani kuandika kwa mtindo mmoja, au nitafute programu nyingine? (Msimamizi wa ankara, Tudor)

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu msimamizi. Usikimbilie kununua programu nyingine, wala usianze kwa kuwabana makarani kuhusu mtindo wao. Tatizo lako limetokana na kutia mambo ya namna mbalimbali katika kisanduku kimoja: ahadi ya mteja, nambari yake mpya ya simu, malalamiko yake kuhusu ankara, kazi aliyopewa fundi na maoni ya karani kuhusu mazungumzo yenyewe, yote yakiwa yameandikwa kwa sentensi huru na kupangwa kwa tarehe ya kuandikwa tu. Mambo yakishachanganywa wakati wa kuandika, hakuna utafutaji utakaoyatenganisha baadaye kwa uhakika. Kanuni ninayoisimamia ni kwamba jambo lolote unalotaka kulichuja, kulihesabu au kulipanga kwa tarehe lisikae ndani ya sentensi. Lipe sehemu yake ya kujaza, na sentensi uiache kwa ajili ya binadamu atakayeisoma.

Lile neno "lipa" linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu wengi hukwama papo hapo. Programu inapotafuta ndani ya maelezo, aghalabu hutafuta mfuatano wa herufi bila kujua maana yake. Herufi hizo nne zimo katika "amelipa", "hajalipa", "atalipa" na "amekataa kulipa", ambayo ni mambo manne yanayopingana. Zimo pia katika "alipata risiti", "walipanga kuhama" na "alipaswa kurudisha ruta", ambayo hayahusiani na malipo ya mwezi hata kidogo. Wakati huohuo, aliyeandikiwa "halipi mpaka aonane na meneja" hakuonekana katika orodha yako, kwa kuwa kitenzi kimebadilika mwishoni. Basi kichujio chako kilikusanya wasiohusika na kikawaacha baadhi ya wanaohusika, na la pili ndilo baya zaidi, maana aliyekosekana katika orodha hakuna anayemwona.

Labda utasema utafute "hajalipa" badala ya "lipa". Hapo utaingia katika kosa jingine. Neno "hajalipa" lilikuwa kweli siku lilipoandikwa. Mteja akilipa siku mbili baadaye, leja, yaani daftari la hesabu za wateja, itabadilika, lakini neno litabaki palepale likimshuhudia uongo kwa miaka. Kwa sababu hiyo ninashauri kwa mkazo kwamba hali ya deni isiandikwe kamwe katika maelezo. Anayedaiwa na kiasi anachodaiwa vinajulikana kwa leja. Maelezo yabebe yale ambayo leja haiwezi kuyajua, yaani nani alisema nini, kipi kilikubaliwa, na nani amebeba jukumu la hatua inayofuata.

Kazi ya kwanza, kabla ya kugusa kompyuta, ni kusoma. Chapisha maelezo ya mwezi mmoja, kaeni na makarani wote mezani, na kando ya kila andiko mtie neno moja la kueleza liliandikwa kwa ajili gani. Katika ofisi ya ankara aina hazizidi chache: ahadi ya kulipa, malalamiko kuhusu ankara, malipo yaliyopotea, hasa mteja anapotuma kwa M-Pesa akakosea nambari ya akaunti, kukatwa na kurudishiwa huduma, kazi ya fundi, na mabadiliko ya akaunti kama vile kuhama au kubadili jina. Orodha hiyo ndiyo itakayokuwa sehemu ya kuchagua katika programu, na karani hataweza kuhifadhi maelezo bila kuchagua aina. Ifanyeni fupi. Karani mwenye mteja mbele yake na wengine watano kwenye foleni hawezi kupitia aina thelathini. Atachagua ya kwanza inayomkabili, na utakuwa umepata uchafu uliopangwa vizuri. Wekeni pia "mengineyo", kisha kila mwisho wa mwezi msome yaliyoangukia humo, kwa maana yakiwa mengi ni dalili kwamba kuna aina mliyoisahau.

Ahadi ya kulipa inahitaji uangalifu kuliko zote, kwa kuwa inabeba tarehe na kiasi. Tarehe isiwe "Ijumaa", wala "mwisho wa mwezi", wala "baada ya Idi". Ijumaa ipi? Na Idi hutegemea kuandama kwa mwezi. Mteja akisema hivyo, karani amwulize kwa upole, "Tuandike tarehe ngapi, mama?" na tarehe hiyo iingie katika sehemu ya tarehe, si katika sentensi. Kama programu yenu inahifadhi tarehe kama maandishi matupu, andikeni mwaka, mwezi, kisha siku, kwa tarakimu kamili, mathalani 2025-03-28. Huo ndio mpangilio wa kiwango cha kimataifa cha ISO 8601, na faida yake ofisini ni kwamba hata programu isiyojua kalenda itazipanga tarehe hizo kwa mfuatano sahihi. Tarehe iliyoandikwa 03/04 ni hatari, kwa sababu kompyuta iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani itaisoma kuwa tarehe 4 Machi, ilhali karani wako alikusudia tarehe 3 Aprili. Kiasi nacho kiwe tarakimu tupu, bila "/=" na bila maneno.

Kuhusu saa, sisi watu wa pwani tuna hadhari ya ziada. Karani akiandika "fundi aende saa mbili", aliyezoea saa za Kiswahili ataelewa saa mbili asubuhi, na aliyezoea kusoma saa za kompyuta ataelewa saa nane mchana. Mteja ataomba ruhusa kazini, atasubiri nyumbani, na fundi atafika nyumba ikiwa imefungwa. Katika sehemu ya saa tumieni mtindo wa saa ishirini na nne, 08:00 au 14:00, na msiruhusu saa kuandikwa katika sentensi bila neno asubuhi, mchana, jioni au usiku.

Nambari za simu zina ugonjwa wake. Mteja mmoja anaweza kuwa na nambari ileile iliyoandikwa kwa kuanza na 07, na 254, na +254, na kwa nafasi katikati, na kwa mtazamo wa programu hizo ni nambari nne tofauti. Chagueni umbo moja, nami napendekeza 254 ikifuatwa na tarakimu tisa bila nafasi, kwa kuwa linafaa kwa zinazoanza na 07 na kwa zile za 01 pia. Ihifadhiwe kama maandishi, si kama hesabu. Msimbo wa muamala wa M-Pesa nao upewe sehemu yake yenye vibambo kumi kamili, yaani herufi na tarakimu, unakiliwe kutoka ujumbe wa mteja inapowezekana badala ya kuandikwa kwa kusikia, kwa sababu herufi O na sifuri zimewachosha makarani wengi.

Tuone sasa inakuwaje. Andiko la kawaida la ofisini ni kama hili: "Kastama kasema tamalizia ijumaa inshallah, namba yake haishiki tumpigie ya mumewe, ruta inawaka taa nyekundu fundi aende saa mbili." Humo mna mambo matatu, na kila moja lina mtu wake wa kulishughulikia. La kwanza ni ahadi: aina "ahadi ya kulipa", tarehe 2025-03-28, kiasi 1500, na sentensi isemayo, "Mteja alipiga simu mwenyewe, ameahidi kumaliza salio lote." La pili ni kazi ya fundi, yenye siku, saa 08:00 na jina la fundi aliyepewa, pamoja na sentensi, "Ruta inawaka taa nyekundu tangu jana jioni." La tatu ni mabadiliko ya simu, ambayo hayafai kukaa katika maelezo hata kidogo; karani afungue sehemu ya mawasiliano ya akaunti na kurekebisha huko. (Suala la kumpigia mume wake nitalirudia katika jibu linalofuata.) Uandishi wa namna hii unachukua muda mrefu kidogo dirishani, nalikubali hilo, lakini muda huo unarudi asubuhi ambayo hakuna anayelazimika kusoma akaunti zote.

Ikiwa programu yenu hairuhusu kuongeza sehemu mpya, bado mna njia. Kubalianeni kwamba kila maelezo yaanze na alama maalumu, kisha tarehe, kisha kiasi, kwa mpangilio usiobadilika, mathalani "#AHADI 2025-03-28 1500", na sentensi ifuate baada ya hapo. Ile alama ya mbele ina kazi muhimu: neno "ahadi" linaweza kutokea katika sentensi yoyote, bali "#AHADI" halitokei kwa bahati. Bandikeni orodha ya alama hizo karibu na kila kompyuta, na mtu mmoja tu awe na mamlaka ya kuongeza alama mpya, la sivyo baada ya miezi michache mtakuwa na #AHADI, #Ahadi na #AHD.

Kichujio chenyewe sasa kitakuwa rahisi. Kila asubuhi mtahitaji ahadi ambazo tarehe yake imepita na leja haionyeshi malipo. Mtahitaji malalamiko ambayo hayajafungwa na hayana jina la anayeyashughulikia. Na mtahitaji malipo yasiyojulikana ni ya akaunti ipi. Lakini kilicho muhimu kupita vyote ni kile cha siku ya kukata huduma: orodha ya kukatwa itolewe kutoka leja, kisha ziondolewe akaunti zote zenye ahadi ambayo siku yake haijafika, na fundi asipewe orodha kabla ya hatua hiyo. Programu ikiweza kuzuia yenyewe, izuie, isitegemee kumbukumbu ya mtu. Yule mama wa tarehe 28 alikuwa angali ndani ya muda wake, na ni ofisi iliyovunja neno. Mpigieni simu, mwombeni radhi, na kama mlimtoza ada ya kurudishiwa huduma, mrudishieni.

Kabla ya kukiamini kichujio chochote, kijaribuni kwa akaunti mnazozijua vizuri, baadhi ambazo lazima zitokee na baadhi ambazo lazima zisitokee. Wengi huangalia zilizotokea tu, wakaridhika. Angalieni zilizokosekana.

*

SWALI: Kaka mshauri, shikamoo. Mimi ni karani katika ofisi inayouza maji ya kisima kwa mabomba, Likoni. Nilipoanza kazi nilikuta katika akaunti za wateja maneno kama "mkorofi huyu", "mjane, mumewe kaacha deni" na "ana sukari, msimsumbue". Nilipomweleza mkubwa wangu kwamba nimeona vibaya, alinijibu kuwa maelezo hayo ni ya ndani na hakuna mteja atakayeyaona. Je, ni sawa? (Karani, Likoni)

JIBU: Marahaba, dada yangu. Si sawa, na umefanya vema kuona vibaya. Mkubwa wako anakosea katika mambo mawili, la sheria na la kazi yenyewe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imefafanua wajibu wa anayehifadhi habari za watu. Sheria hiyo inahesabu hali ya afya, hali ya ndoa na habari za familia ya mtu kuwa data nyeti, ambayo haishughulikiwi ovyo. Inataka pia habari zinazokusanywa ziwe zinahusika na lengo na zisizidi kinachohitajika, na kuuza maji hakuhitaji kujua ugonjwa wa mnunuzi. Tena inampa mtu haki ya kuziona habari zake zilizo mikononi mwa ofisi, na haki ya kutaka zilizo za uongo au za kupotosha zisahihishwe au zifutwe. Maelezo ya akaunti yenye jina la mteja ni habari zake, hata kama kisanduku chake kimeandikwa "ya ndani". Kwa hiyo siku mteja atakapoomba, "mkorofi huyu" litasomwa na mkorofi mwenyewe, pengine mbele ya wakili wake.

Kwa upande wa kazi, maneno hayo hayamsaidii anayeyasoma. "Mkorofi" alifanya nini? Kama alimtukana karani tarehe fulani, andika kwamba tarehe hiyo alitumia matusi dirishani na msimamizi aliitwa. Hilo ni tukio, linaweza kuthibitishwa, na lina mwisho. Tabia ukimwandikia mtu haina mwisho, na kila karani mpya atampokea kwa uso uliokunjwa kabla hajafungua kinywa. Katika "ana sukari, msimsumbue" naona nia njema, na nia hiyo isipotee. Yumkini mteja aliomba asikatiwe maji bila kupigiwa simu kwanza. Basi iandikwe hivyohivyo: "Mteja ameomba apigiwe simu kabla ya hatua yoyote ya kukata." Ugonjwa umetoka, huruma imebaki, na ombi hilo linaweza kuwa alama ya kuchuja siku ya kukata huduma. Kuhusu mjane, kinachohitajika ni kujua akaunti sasa ina jina la nani na deni la zamani limekubaliwa lilipwe vipi. Hayo yanakaa katika sehemu ya mwenye akaunti na katika makubaliano ya malipo.

Liko na lile la kumpigia mume, mke au jirani. Nambari ya mtu mwingine iandikwe tu ikiwa mteja ameitoa kwa hiari kama njia ya kumpata, na karani akipiga aombe kuzungumza na mteja, asitaje deni. Ndoa zimetikiswa kwa simu za namna hiyo.

Kuchuja kuna upande wa pili ambao ofisi nyingi huusahau, nao ni kuchuja anayeona. Fundi wa mita anahitaji maelekezo ya nyumba na hali ya bomba, hahitaji kujua deni. Mpokea simu anahitaji ahadi na malalamiko. Programu nyingi zinaruhusu kila aina ya maelezo ionekane kwa kundi fulani la wafanyakazi, mradi aina hizo ziwe zimetenganishwa. Hakikisheni vilevile kwamba maelezo hayachapishwi kwenye ankara. Kama kuna kisanduku cha kuchagua kati ya "ya ndani" na "ionekane kwa mteja", kiwekwe "ya ndani" tangu mwanzo, na kumwonyesha mteja kuwe uamuzi wa makusudi. Nambari ya siri ya M-Pesa, na ile ya tarakimu tatu nyuma ya kadi ya benki, zisiandikwe popote hata kwa dakika moja, hata mteja akizitaja mwenyewe.

Maneno yaliyokwisha kuandikwa yasifutwe kimyakimya na wewe peke yako, dada. Mwombe mkubwa wako aamuru kwa maandishi, yaondolewe yasiyostahili kuwapo, na pabaki kumbukumbu ya nani aliondoa na lini, bila kuyarudia maneno yenyewe. Kosa la kawaida, kama tarehe isiyo sahihi, lirekebishwe kwa kuongeza maelezo mapya yanayotaja lililokosewa, ili historia ya akaunti isibadilike nyuma ya mgongo wa watu.

*

SWALI: Ndugu mshauri, ofisi yetu ya kuzoa taka, Changamwe, ina maelezo ya miaka mingi yaliyoandikwa kila namna. Mtaalamu mmoja ametushauri tuyatoe yote kwenye Excel, tuyasafishe, kisha tuyarudishe katika programu. Unaonaje? (Mhasibu, Changamwe)

JIBU: Ndugu mhasibu, sikubaliani na kuyarudisha. Maelezo ya zamani ni ushahidi wa kilichoandikwa siku ile; ukiyasafisha na kuyarudisha juu ya yale ya awali umebadilisha ushahidi, na mteja akikushtaki au ukimshtaki hutakuwa na asili ya kuonyesha. Yafungeni yasiweze kuhaririwa, kisha mfungue mfumo mpya kuanzia tarehe moja mliyokubaliana. Kutoka ya zamani chukueni yale tu ambayo bado yako hai, yaani ahadi ambazo hazijatimizwa na malalamiko ambayo hayajaamuliwa, na karani anayemjua mteja ayaandike upya kwa utaratibu mpya akitaja tarehe ya andiko la asili. Kwa akaunti zilizofungwa hakuna haja ya kugusa chochote.

Kama mnataka kutumia Excel kwa kusoma na kuhesabu tu, ni sawa, ila jihadharini na mambo machache. Safu ya simu isipowekwa kuwa maandishi kabla ya data kuingia, 0722 itageuka 722, na sifuri hiyo hairudi. Nyumba iliyoandikwa "3-4" itageuzwa kuwa tarehe. Nafasi za ziada mwishoni mwa neno hazionekani kwa macho, lakini zinatosha kufanya "Magongo" na "Magongo " kuhesabiwa kuwa mitaa miwili. Na katika majina yenye ng', kama Mwang'ombe, baadhi ya simu huandika alama iliyopinda na kompyuta nyingi huandika iliyonyooka. Kwa programu hizo ni herufi mbili tofauti, na mteja atakuwa "hayupo" ilhali yupo. Badilisheni zote ziwe za kunyooka katika nakala yenu ya kazi kabla ya kutafuta.

Kuhusu muda wa kuhifadhi, sheria ya taratibu za kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zihifadhiwe miaka 5, na madai ya mkataba kwa kawaida hufikishwa mahakamani ndani ya miaka 6. Maelezo yanayohusu deni au mgogoro yana sababu ya kubaki kwa muda huo. "Alikuja kuuliza saa za kufungua" haina sababu hiyo, na Sheria ya Ulinzi wa Data inakataza kuweka habari za mtu kwa muda mrefu kuliko zinavyohitajika. Hapo ndipo aina za maelezo zinapofaa tena, maana kila aina inaweza kupewa muda wake.

*

SWALI: Mzee mshauri, mimi ni mpanga kazi za mafundi, Bamburi. Nyumba nyingi huku hazina nambari, kwa hiyo maelekezo yote yamo katika maelezo ya akaunti. Tukiyatenganisha kama unavyoshauri watu wengine, mafundi hawatapotea? (Mpanga kazi, Bamburi)

JIBU: Watapotea zaidi mkiyaacha yalipo, kwa sababu maelekezo ya nyumba hayabadiliki kila wiki, ilhali maelezo mapya huyasukuma chini kila siku. Yatoeni humo kabisa myaweke katika sehemu ya kudumu ya akaunti. Kaunti ndogo ichaguliwe kati ya sita za Mombasa, yaani Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mtaa uchaguliwe kutoka orodha yenu wenyewe yenye tahajia moja, ili Mwembe Tayari isiwe pia Mwembetayari na Mwembe-tayari. Orodha hiyo itawasaidia kuwapangia mafundi njia ya siku. Baada ya hapo acheni sehemu moja ya maandishi huru, na hapa msimbane karani hata kidogo: nyuma ya msikiti, geti la buluu, ngazi ya pili, mlango wa kushoto, ukikosa muulize muuza mahamri wa pembeni. Fundi akifika na kukuta geti limepakwa rangi nyingine, arekebishe sehemu hiyohiyo siku hiyohiyo, tarehe ya kurekebisha iandikwe kando, na maelekezo ambayo hayajaguswa kwa zaidi ya mwaka yachujwe ili mteja aulizwe kwa simu kabla ya fundi kutoka ofisini.